Gugu karoti mitaani Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kama umepita Ruai, Kamulu, Embakasi au kando ya Thika Road wiki chache baada ya mvua, umeshaliona hata kama hulijui jina. Ni ule mmea wenye majani yaliyokatikakatika na maua madogo meupe yasiyohesabika, uliojaa kwenye ploti tupu mpaka ukingoni mwa lami. Majibu yafuatayo yanakaa sana kwenye kulitambua, kwa sababu kazi nyingine zote zinaanzia hapo. Anayelijua likiwa bado limelala chini humaliza kazi asubuhi moja. Anayelijua likishachanua amejipatia kazi ya miaka.

Gugu karoti ni mmea gani hasa?

Jina lake la kisayansi ni Parthenium hysterophorus, alilopewa na Carl Linnaeus mwaka 1753. Liko katika jamii moja na alizeti na kishonanguo. Asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika, hasa nchi zinazozunguka Ghuba ya Meksiko na sehemu za Amerika Kusini. Huku kwetu ni mgeni. Watu wengi Nairobi huliita parthenium tu. Gugu karoti ni jina lililoenea Tanzania, nalo ndilo nitakalotumia hapa. Ni mmea wa muda mfupi: huota, huchanua, huzaa na kufa, na kuacha mbegu ardhini zikingoja mvua nyingine.

Nitalitambuaje likiwa bado dogo?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aliulize.

Mche unapochomoza huwa na vijani viwili vidogo vya mviringo, na kwa hivyo viwili huwezi kuamua lolote. Ngoja siku chache. Majani halisi yakianza, kila jipya huja limekatika zaidi kuliko lililotangulia, na yote hutoka mahali pamoja katikati na kutanda kwa duara. Duara hilo hulala juu ya udongo kabisa. Ukijaribu kupitisha kidole chini ya jani unakuta limekandamiza ardhi, na chini yake hakuna kinachoota. Bado hakuna shina. Ukikuta shina limeanza kupanda, umepitwa na hatua nzuri zaidi.

Sasa tazama jani moja. Laweza kuwa na urefu wa hadi sentimita 20 na upana wa sentimita 4 hadi 8. Limekatwa kutoka ukingoni hadi karibu na mshipa wa kati, na kila kipande kimekatwa tena. Rangi yake si kijani cha kung'aa. Ni kijani kilichofifia, chenye ujivujivu, kwa sababu jani zima limefunikwa na vinyweleo vifupi laini. Asubuhi yenye umande vinyweleo hivyo hushika matone na duara lote huonekana limepauka kuliko nyasi zilizo karibu nalo. Ukishaizoea rangi hiyo utaanza kuliona gugu hili ukiwa umekaa ndani ya matatu.

Jambo la kukumbuka ni kwamba duara hili lina subira. Mvua ikikatika, linaweza kubaki hivyo hivyo chini kwa wiki kadhaa, halafu mvua ikirudi linapandisha shina haraka. Kwa hiyo usidanganyike kwamba "halikui".

Na likishakua linaonekanaje?

Linasimama wima, kwa kawaida kati ya nusu mita na mita moja na nusu, na penye maji na rutuba hufika mita mbili. Shina lina mistari iliyoinuka inayokwenda kwa urefu wake. Ukilizungusha unaona mbavu na mifereji. Chini shina hugeuka gumu kama kijiti kadiri linavyozeeka, na matawi mengi hutokea nusu ya juu, kwa hiyo mmea mzima una kichwa kipana na kiuno chembamba. Majani ya juu ni madogo na hayajakatika sana kama ya chini. Hili huwachanganya watu: wanatafuta "majani ya karoti" kwenye matawi ya juu na kukuta vijani vyembamba vya kawaida. Inama utazame chini.

Ua ndilo lenye ushahidi usiopingika. Chukua simu, fungua kamera, sogeza karibu na ua moja mpaka lijaze kioo. Utaona kitufe cheupe cha rangi ya maziwa, kisichozidi milimita 5 kwa upana. Si mviringo kamili; kina pembe tano. Kwenye kila pembe kuna petali moja fupi sana, ndogo kiasi kwamba kwa macho matupu unaweza kudhani ua halina petali kabisa. Katikati kumesongamana vijiua vidogo zaidi, hivyo ndivyo vinavyotoa chavua. Zile pembe tano ndizo zinazozaa, kila moja mbegu moja.

Mbegu tano kwa ua ni chache mpaka uyatazame maua yenyewe. Mmea mmoja uliokomaa vizuri unaweza kutoa mbegu kati ya 15,000 na 25,000, maana yake una maelfu ya vitufe hivyo. Mbegu ni nyeusi, bapa, kama milimita 2, na zina vibawa viwili vidogo vya rangi hafifu ambavyo huzisaidia kuelea majini.

Kuna mimea mingi inayofanana nalo. Nitatofautishaje?

Ni kweli, na makosa hutokea kila upande: watu huliacha gugu karoti wakidhani ni kitu kingine, na wengine hung'oa mimea isiyo na hatia.

Anayewachanganya watu zaidi kwa ua ni Galinsoga, kigugu laini cha mashambani na kwenye vitanda vya sukuma wiki. Nacho kina petali tano nyeupe. Lakini katikati ya ua lake ni njano, na majani yake ni mazima, hayajakatika, yamekaa mawili mawili yakitazamana kwenye shina. Majani ya gugu karoti hupishana: moja huku, jingine juu kidogo upande wa pili. Kigezo hiki cha majani kutazamana au kupishana ni cha kutegemewa sana, na ni watu wachache hukitumia.

Kishonanguo kila mtu anakijua kwa mbegu zake zinazoganda kwenye suruali na soksi. Kikiwa kichanga, hata hivyo, huleta shaka. Majani yake yamegawanyika vipande vitatu au vitano vipana vyenye meno ukingoni, nayo hutazamana. Hayana ule mkatiko mwembamba.

Mubangi, ile yenye harufu kali inayobaki mkononi hadi jioni, ina vipande vya majani vyembamba vyenye meno, na maua yake ni mirija mirefu ya rangi ya manjano hafifu. Harufu peke yake inatosha. Kuna pia Schkuhria pinnata, kimea chepesi cha ardhi kavu chenye majani membamba kama nyuzi na maua ya njano. Gugu karoti halina njano popote.

Karoti na dania zenyewe? Zikichanua, maua yake hukaa kwa mpangilio wa mwavuli, vijiti vyote vikitoka sehemu moja. Na majani yake yana harufu ya jikoni ambayo huwezi kuikosea. Jipsofila, yale maua meupe madogo wanayochanganya na waridi kwenye mashada, ina majani membamba, laini, yasiyokatika kabisa. Nasema hili kwa sababu nimeona watoto wakitoka shuleni na mashada ya gugu karoti waliyochuma njiani kumpelekea mama. Nia ni njema, lakini wayaache.

Bangi nayo hutajwa, tena kwa sauti ya chini. Jani la bangi lina vipande virefu vinavyotoka sehemu moja kama vidole vya mkono. Hayafanani ukitazama kwa utulivu.

Kuna kipimo kimoja cha haraka?

Hakuna kimoja, lakini vinne vikikutana umemaliza: majani ya chini yaliyokatika mara mbili, shina lenye mbavu na vinyweleo, majani yanayopishana, na ua jeupe lenye pembe tano bila njano. Kama halijachanua, tumia duara lililolala chini na rangi ya ujivu. Usilisugue jani kwa mkono mtupu ili kunusa.

Jirani anasema hii ni artemisia na tunaweza kuchemsha tunywe. Ni kweli?

Hapana, na tafadhali mwambie leo. Jina la artemisia lilisikika kila mahali mwaka 2020, wakati wa korona, na tangu hapo mmea wowote wenye majani yaliyokatika umepata wateja. Artemisia annua ina maua madogo sana ya manjano, yaliyoinama, na majani yake yana harufu kali ya manukato ukiyagusa tu. Gugu karoti lina maua meupe na halina manukato hayo. Lina kemikali iitwayo parthenini, ambayo ni sumu kwa seli na chanzo kikubwa cha mzio. Si chai, wala si dawa ya kuoga mtoto. Na hata kuhusu artemisia yenyewe, Shirika la Afya Duniani halipendekezi kutibu malaria kwa kuchemsha majani yake. Dawa ni zile za hospitali zilizopimwa.

Mbona liko kila palipochimbwa?

Kwa sababu hilo ndilo shamba lake. Penye nyasi nene zilizoshikana, mbegu yake hukosa mwanga na hufa njaa. Palipokwanguliwa na grederi, palipochimbwa mtaro wa maji, palipomwagwa kokoto, palipolishwa mbuzi hadi udongo ukaonekana, hapo halina mpinzani. Linaweza kuchanua wiki nne tu baada ya kuota, kabla mimea mingine haijajipanga. Mizizi na majani yake pia hutoa kemikali udongoni zinazozuia mbegu za jirani zisiote au zisikue vizuri.

Sasa tazama Nairobi. Kila mwaka kuna barabara inayopanuliwa, ploti inayogawanywa mara nne, bomba linalofukuliwa. Upande wa mashariki, kuanzia Outer Ring hadi Eastern Bypass na kuendelea, kuna maelfu ya ploti zilizosafishwa kwa ajili ya mjengo ambao bado haujaanza. Mwenye ploti yuko mbali, ukuta haujajengwa, udongo uko wazi. Hali hiyo inaniuma kwa sababu inazuilika: udongo ukifunikwa na nyasi siku ile ile grederi inapoondoka, gugu karoti linakosa nafasi.

Limefikaje Nairobi?

Nchini Kenya limejulikana tangu miaka ya 1970, kwanza kama gugu la mashamba ya kahawa karibu na Nairobi. Kwingineko limesafiri na nafaka: India liligunduliwa Pune katikati ya miaka ya 1950 na huhusishwa na ngano iliyoagizwa kutoka Marekani, na Ethiopia lilionekana miaka ya 1980 karibu na vituo vya kugawa chakula cha msaada. Arusha liliripotiwa mwaka 2010.

Ndani ya jiji, linasafiri nasi. Lori la maram lililochota mahali penye gugu humwaga mbegu kwenye ploti yako pamoja na udongo. Samadi, mchanga wa mto, nyasi kavu za ng'ombe, matairi yenye tope, viatu vya fundi, na maji ya mvua yanayokimbilia mitaroni na mtoni, vyote hubeba. Ukiagiza maram au samadi, nenda kaone inakotoka, au angalau muulize mwenye lori. Ukiona limechanua pembeni ya shimo la maram, tafuta shimo lingine.

Ni msimu gani nianze kulitafuta?

Wiki ya pili na ya tatu baada ya mvua kushika: mwishoni mwa Machi hadi Aprili kwa mvua ndefu, na mwishoni mwa Oktoba hadi Novemba kwa mvua fupi. Lakini halifuati kalenda. Penye bomba linalovuja, mahali pa kuosha magari au maji machafu ya kutoka nyumba, utalikuta limechanua hata Februari.

Linaumiza watu kweli, au ni uvumi?

Linaumiza. Si kila mtu, na mara nyingi si siku ya kwanza, ndiyo maana watu hubishana. Mwili huzoea kulikataa taratibu: mtu hulishika na kuling'oa mara nyingi bila shida, halafu siku moja mikono inawasha, inavimba na kutoka malengelenge, na tangu siku hiyo kila akiligusa hali inarudi, pengine kwa nguvu zaidi. Kuacha kuligusa kwa wiki moja hakuuondoi. Mzio ukishaingia hukaa.

Dalili huonekana mikononi, kwenye kunja za viwiko, shingoni, usoni na hasa kope za macho. Kope na shingo hupata kwa sababu vipande vya mmea mkavu na vinyweleo vyake hupeperuka. Chavua yake nayo huleta mafua ya mzio, macho kuwasha na, kwa wenye pumu, kifua kubana. Wanaopata zaidi ni wanaofyeka kando ya barabara, watunza bustani, wanaochuma majani ya mifugo na watoto wanaochezea ploti zilizojaa. Ukianza kuwashwa, nawa kwa maji mengi na sabuni, badilisha nguo, na usipake mafuta ya kuchua wala dawa ya kienyeji juu ya malengelenge. Nenda kituo cha afya, na umwambie mhudumu wazi kwamba ulikuwa unang'oa mmea gani. Wengi huambiwa ni ukurutu wa kawaida na kupewa dawa, kisha wanarudi kufyeka kesho yake.

Ng'ombe, mbuzi au sungura wangu wakilila?

Ng'ombe hulikwepa kukiwa na kitu kingine. Mbuzi hung'ata. Penye njaa wote hula, na hapo ndipo madhara hutokea: vidonda mdomoni, ngozi kuwasha na manyoya kunyonyoka, na wakila kwa wingi huweza kufa. Maziwa ya ng'ombe aliyelila huwa na uchungu, na nyama pia huharibika ladha.

Wafugaji wa sungura mjini wako kwenye hatari ya pekee, kwa sababu malisho mengi huchumwa kando ya barabara kwa haraka jioni, na sungura aliyefungiwa hana uchaguzi. Chambua majani kabla ya kuyaweka bandani. Hili ni jambo la dakika chache.

Eti lina uhusiano na malaria?

Upo. Mbu jike wa malaria hunywa damu ili kutaga mayai, lakini pia hunywa utomvu wenye sukari wa mimea. Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mbu aina ya Anopheles gambiae wanaweza kuishi vizuri kwa kutegemea gugu karoti na kuhifadhi sukari na mafuta mwilini. Mbu anayeishi muda mrefu ana nafasi kubwa zaidi ya kuambukiza. Nairobi yenyewe si mahali pa malaria nyingi, lakini mbegu zinazoondoka hapa kwa lori na gari moshi zinaweza kufika sehemu ambazo zina malaria.

Nikilifyeka si litaisha?

Halitaisha. Ukilikata juu, kichwa cha mzizi hutoa matawi mapya, na badala ya shina moja unapata matano mafupi yanayochanua chini kabisa, mahali ambapo panga halifiki vizuri. Kufyeka likiwa na mbegu ni vibaya zaidi, unazisambaza kila upande. Naona vikundi vya vijana wakilipwa kufyeka kando ya barabara baada ya maua kukomaa, jua kali, bila glavu wala barakoa. Wanastahili kupewa vifaa, na kazi yenyewe ingepangwa mwezi mmoja mapema.

Basi niling'oe vipi?

Samaki mkunje angali mbichi: ling'oe likiwa duara, kabla ya shina. Ngoja mvua inyeshe udongo ulainike, au mwagilia maji jioni ya kuamkia siku ya kazi. Vaa glavu za mpira au za ngozi, shati la mikono mirefu, suruali na viatu vilivyofunika. Funika pua na mdomo. Mwenye pumu au aliyewahi kuwashwa asifanye kazi hii kabisa, ampe mwingine.

Kusanya majani yote kwa mkono mmoja, shika shingo ya mmea pale inapoingia udongoni, kisha vuta taratibu moja kwa moja juu. Lina mzizi mkuu mmoja ulionyooka. Ukisikia umekatika, chimba kwa kisu cha bustani au jembe dogo utoe kile kichwa kilichobaki, maana ndicho kinachochipua. Mimea isiyo na maua unaweza kuitandaza juu ya saruji au mawe ikauke juani. Usiiache juu ya udongo wenye unyevu. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake.

Nimelikuta limeshachanua. Nifanyeje?

Usilikung'ute. Leta gunia mpaka lilipo, usilibebe kuvuka ploti. Kata kwanza vichwa vya maua na kuviingiza ndani ya gunia, kisha ung'oe mmea uliobaki na kuutia humo humo. Gunia la nailoni lililofumwa kwa kubana, lile la mbolea au unga wa mifugo, linafaa. Lenye matundu halifai. Lifunge, liweke juani juu ya saruji, na ulifunike kwa turubai nyeusi hadi vyote vikauke na kuoza kwa joto. Usitie kwenye mboji, usimpe mtu wa taka likiwa wazi, na usitupe mtaroni. Kuchoma ndani ya mtaa sikushauri, moshi wake huwafikia majirani wenye pumu.

Ukirudi nyumbani chunguza soksi, kunja za suruali na nyayo za viatu.

Dawa ya magugu inafaa?

Kwa ploti ya nyumbani si lazima. Kwa shamba kubwa, ongea kwanza na afisa wa kilimo, kwa sababu mambo si rahisi: mwaka 1991 iliripotiwa kwamba gugu karoti kwenye mashamba ya kahawa ya Kenya lilikuwa likistahimili parakwati, dawa ya kuua magugu. Anayenyunyiza dawa ile ile kila msimu na kuona limesimama asidhani ameuziwa feki moja kwa moja. Pia dawa ikiua kila kitu na kuacha udongo mtupu, umeliandalia gugu kitanda kipya. Karibu na Mto Nairobi, Ngong au Mathare usinyunyize.

Nipande nini baada ya kung'oa?

Chochote kitakachofunika udongo haraka. Nyasi za kikuyu hushika vizuri penye unyevu na jua, nyasi za Pemba huvumilia kivuli. Kwa ploti kavu za Kitengela au Kamulu, mwenye mifugo atafurahia nyasi za boma rhodes, atakata malisho na gugu litasongwa. Wakati unangoja nyasi zishike, tandaza majani makavu au vipande vya mbao kwa unene wa kutosha kuziba mwanga. Sehemu hii watu huiruka, nami naiona muhimu kuliko kung'oa kwenyewe. Ardhi iliyong'olewa na kuachwa wazi itajaa tena mvua ijayo.

Hakuna wadudu wanaolila?

Wapo. Anayejulikana zaidi ni mbawakawa Zygogramma bicolorata kutoka Meksiko, anayekula majani. India ilimwachilia mwaka 1984 na Ethiopia imemtumia pia. Wadudu kama hao hupimwa kwa miaka ndani ya maabara zilizofungwa ili kuhakikisha hawatahamia mazao, na kuachiliwa kwao ni kazi ya serikali na watafiti. Usilete mdudu mfukoni kutoka safarini.

Ploti iliyojaa si yangu. Sheria inasemaje?

Gugu karoti lilitangazwa kuwa gugu hatari nchini Kenya mwaka 2010, chini ya Sheria ya Kuzuia Magugu Hatari, Sura ya 325. Sheria hiyo humpa mwenye ardhi wajibu wa kuliondoa. Kwa vitendo, anza na mazungumzo. Mtafute mwenyewe kupitia mlinzi, ajenti au chama cha wakazi, mtumie picha, na umwombe ruhusa mng'oe pamoja. Wengi hukubali wakiambiwa, wengine hutuma hata hela ya vibarua. Akikataa au asipopatikana, peleka habari kwa chifu na ofisi ya kilimo ya kaunti ndogo. Usiingie ploti ya mtu bila ruhusa, Nairobi migogoro ya ardhi haina mzaha.

Bado sina hakika. Nimwonyeshe nani?

Piga picha nne: mmea mzima, jani la chini kabisa, shina kwa karibu, na ua likijaza kioo. Picha ya mmea kwa mbali haisaidii mtu. Afisa wa kilimo wa eneo lako ndiye wa kwanza. Wapo pia wataalamu wa mimea kwenye Makavazi ya Kitaifa, Museum Hill, kuliko na mkusanyiko wa mimea mikavu ya Afrika Mashariki, na watafiti wa KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo. Ukitakiwa kupeleka sampuli, chuma tawi lenye jani na ua, likandamize ndani ya kurasa za gazeti, funga vizuri lisidondoshe mbegu, na uandike tarehe na mahali ulipolitoa.

Niling'oa lote mwaka jana na limerudi. Kwa nini?

Kwa sababu ulichong'oa ni mimea, na akiba iko udongoni. Mbegu zilizolala juu huota au hufa mapema, lakini zilizofukiwa huweza kuishi miaka kadhaa, baadhi zaidi ya sita, na kila jembe linapogeuza udongo linaziinua juu kwenye mwanga. Kwa hiyo baada ya kung'oa mara ya kwanza, punguza kulima hapo. Pita wiki ya tatu baada ya kila mvua kushika, toa maduara yaliyojitokeza, ziba mapengo kwa nyasi. Kila awamu maduara huwa machache, mradi hakuna hata mmea mmoja ulioachwa uchanue. Angalia hasa nyuma ya tangi la maji, kando ya ukuta kwa nje, na pale fundi alipomwaga mchanga. Hapo ndipo ule mmoja hujificha.